Kambare Hapungui Urefu

Palikuwa na mwili, na ndani ya mwili ule ulilala mji. Au palikuwa na mji, na mwili ndio uliolala ndani yake: waliokuwepo hawakubaliani, na wasiokuwepo ndio wanaokula viapo. Linalojulikana ni kwamba katikati palikuwa na Jumba, ndani ya Jumba palikuwa na ngoma, na ngoma ile haikuwahi kunyamaza. Ndu-ndu. Ndu-ndu. Mtoto alizaliwa akaikuta, maiti akaondoka akaiacha. Ndiyo maana mtaa wa Jumba uliitwa Moyoni. Mtaa wa maghala uliitwa Maini. Mtaa wa wanawake waliotwanga, wakasaga, wakapika chakula cha mji mzima, uliitwa Utumboni. Na kule mwisho, walikokaa wachukuzi na wachota maji, watu wa misuli na matusi, paliitwa Mkiani. Hakuna aliyeona ajabu. Mtu hauulizi mkono wake kwa nini unaitwa mkono.

Katika mji ule mtu hakutambulikana kwa jina wala kwa uso, kwa sababu majina hufanana na nyuso huzeeka. Mtu alikuwa urefu wake. Kila mwaka, Siku ya Kusimama, watu walijipanga mbele ya lango la Jumba, wakaegemea mwimo wa mlango mmoja mmoja, na Mzee Ngwali, Mpima wa mji, akawapitishia ufito utosini, akakata alama kwa kijembe na kutangaza, “Shibiri saba! Ni yeye.” Mtu mzima harefuki. Kwa hiyo alama ya mwaka huu ilikatwa ndani ya alama ya mwaka jana, na ya mwaka jana ndani ya ile ya mwaka juzi, hata ule mti ukachimbika mifereji, na haikujulikana tena mwaka upi ni upi. Ngwali mwenyewe hakujua ana umri gani. Alikwisha kustaafu mara tatu, na mara tatu aliitwa arudi, maana ufito ulizoea kiganja chake na ulikataa viganja vya watu wengine.

Kisha mvua ikagoma. Kiangazi kikazaa kiangazi kinachofanana nacho. Mikanda ikafika tundu la mwisho, ikatobolewa tundu jipya kwa msumari, mwishowe ikawa kamba. Watu wakaanza kutembea huku wameshika kuta, na vichwa vyao vikaonekana vikubwa, kama vimeazimwa kwa watu wengine wenye afya. Bwana Kaimu akaitisha Siku ya Kusimama mara tatu mfululizo. Wote wakapimwa. Hakuna aliyepungua hata kidole.

“Mnaona?” alisema Bwana Kaimu kutoka roshani. “Mko vilevile. Njaa ni uvumi wa watu wafupi.”

Huyu Bwana Kaimu ndiye aliyetawala. Alikuwa anakaimu nafasi ya nani, hapakuwa na aliyekumbuka. Wapo waliosema ya baba yake, wapo waliosema ya mtu ambaye bado hajazaliwa. Ndevu zake zilikuwa mbili tu, moja kila upande wa mdomo, ndefu, laini, na alipofikiri zilicheza zenyewe bila upepo. Pamoja na kwamba njaa haikuwepo, sahani za Jumba zilianza kuonyesha sakafu zake, na jambo ambalo halipo likahitaji dawa ya haraka.

Dawa hiyo, kwa bahati mbaya, ilitoka mdomoni mwa Ngwali. Alikuwa mtu wa soga. Alasiri moja, kibarazani Utumboni, huku mkewe Siwatu akisaga makapi ya makapi, Ngwali aliwachekesha watu akasema babu yake alimsahau kambare ndani ya mtungi miaka saba bila chakula. “Siku anafunua kifuniko,” alisema, “kambare katoka kavaa kanzu, anapangusa ndevu, anauliza: jamani, mmeshaswali?” Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na kuzishika wakati ule ilikuwa rahisi. Mmoja tu hakucheka. Huyo aliondoka taratibu akaelekea Moyoni.

Asubuhi yake Ngwali aliitwa.

“Mzee Ngwali, nasikia kambare anaishi bila kula.”

“Anaishi, Bwana, miezi na miezi. Ila ile ya kanzu niliongeza chumvi.”

“Chumvi tutaichuja. Anaishi kwa kula nini?”

“Anajila mwenyewe, Bwana.”

Zile ndevu mbili zikacheza. “Anaanzia wapi?”

Ngwali alitaka kusema hajui. Lakini neno hilo halikuwahi kusemwa mle ndani, na alipolitafuta ulimini hakulipata. “Itabidi tumfungue tuone,” alisema. Hivyo ndivyo mtu anavyochimba kisima kwa ulimi wake.

Kambare arobaini walitiwa kwenye bwawa la mawe uani mwa Jumba, wakanyimwa chakula. Kila baragumu ilipolia, Ngwali alimtoa mmoja, akamlaza ubaoni, akampasua kuanzia kooni hadi tunduni, na Bwana Kaimu akauliza swali lile lile: “Amekula nini?” Jibu la Ngwali lilipokelewa na mpiga mbiu, likatembezwa mitaani, na kabla jua halijageuka mji ulikuwa umefanya kama samaki.

Wa kwanza alikuwa amekula ini. Ini la kambare aliyeshiba hutanda kama kiganja cha mtoto, lina rangi ya udongo mwekundu. La huyu lilikuwa dogo kama punje ya kunde, limesinyaa, limepauka. “Amekula ini,” alisema Ngwali, na siku hiyo maghala ya Maini yalikombwa hadi vumbi, na magunia yote yakaingia Moyoni, na wenye maghala wakaitwa wayafuate.

Wa pili alikuwa amekula mafuta. Yale mafuta meupe yaliyoshikamana na matumbo hayakuwepo, na palipokuwa na mafuta pameingia maji, hata ukimbonyeza unadhani ana nyama, kumbe umebonyeza kisima. “Amekula mafuta,” alisema Ngwali. Mji ukanyang’anywa mafuta yake: samli, taa, mbuzi wa akika, ngoma za harusi, sukari ya msibani. Watu wakabaki wanaonekana wapo. Ukiwagusa walikuwa maji.

“Ila nyongo, Bwana,” alisema Ngwali, akielekeza ncha ya kisu. Kifuko cha nyongo kilikuwa kimevimba, kijani kibichi kinachoelekea weusi. Nyongo hungoja chakula ikimwagikie, na chakula kisipokuja nayo hujaa tu. “Hii inazidi. Kila siku inazidi.”

“Nyongo usiitaje,” alisema Bwana Kaimu. “Nyongo haina mtaa. Na moyo?”

“Moyo uko vilevile.”

“Hata kidogo haukuguswa?”

“Hata kidogo.”

Bwana Kaimu alitabasamu, na Ngwali aliinamisha macho bwawani. Humo majini kambare thelathini na wanane walikuwa wamepanga vichwa, ndevu zikielea, wakimtazama. Nyumba ya kambare, watu husema, baba ana ndevu, mama ana ndevu, mtoto ana ndevu: humjui mkubwa ni yupi. Lakini Ngwali alianza kushuku kwamba ndani ya kila mmoja wao mkubwa anajulikana sana.

Kwa maana jioni zile, akirudi nyumbani na harufu ya samaki mikononi, alikuwa akijisemea mwenyewe maneno yasiyokuwa na mwanzo.

Nani ndani ya kambare anayejua kwamba leo ni zamu ya ini? Nani hupiga mbiu? Si ini. Ini lisingejitaja. Mkia hauwezi kujitaja, mkia uko mbali na habari hufika zimepoa. Yupo mmoja mle ndani asemaye “mwili wetu”, na akisema “wetu” hamaanishi sote. Na ajabu ni kwamba ana haki. Moyo ukiliwa kwanza, wote hufa siku hiyo. Moyo ukiliwa mwisho, wote hufa vilevile, ila kwa foleni. Foleni ndiyo inayoitwa utawala. Je, ini lilipokuwa linayeyuka lilisema nini? Lilisema: afadhali mimi kuliko moyo? Au lilisema: kwani mimi si mwili? Au halikupewa nafasi ya kusema, likasomewa tu shukrani? Mimi Ngwali niko kiungo gani? Mkono ulioshika kisu ni wa nani? Ndu-ndu. Sikio hili, ni langu au ni la ngoma?

Kwa kweli hakuwa na hakika tena. Asubuhi zingine, akinawa uso, aliona majini kichwa kikubwa juu ya shingo nyembamba, akakisalimu kwa heshima kabla hajakitambua.

Baragumu ikalia mara ya tatu. Ngwali alipasua, akaingiza vidole, akatafuta. Akatafuta tena. Utumbo haukuwepo. Tuseme ulikuwepo kama uzi unavyokuwepo kwenye nguo iliyooza: mwembamba, mweupe, hauna kitu ndani wala kuta za kuzuia kitu. Mnyama asiyekula haoni haja ya kulisha utumbo usio na kazi, basi anaula mapema, kabla hajaugusa mkia. Nyama ya mkiani ilikuwa ingali imara, imekaza ubaoni.

Utumboni palikuwa na wanawake arobaini na mmoja, na wa kwanza wao kwa zamu ya jiwe la kusagia alikuwa Siwatu.

“Amekula nini?” aliuliza Bwana Kaimu.

Ngwali alifunga tumbo la samaki kwa vidole viwili, kama mtu afungaye mlango wa chumba alichomficha mgeni. Akajisemea, mkia ni mrefu, wakitoa kidogo hautaonekana. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, na ni kosa la mpima: kudhani kitu kirefu hakiishi.

“Nyama ya mkia, Bwana,” alisema.

Mbiu ikaenda Mkiani. Na Mkiani, shibiri nane kasoro vidole vitatu kutoka ardhini, mrefu kuliko wachukuzi wote, alikuwa Pandu, mchota maji, mdogo wake Siwatu wa tumbo moja.

Pandu alipita nyumbani kuaga akiwa na mti wake wa mzegazega begani, ule anaoning’inizia madebe mawili ya maji, moja mbele moja nyuma. Mbiu ilisema kila anayeitwa aje na kitendea kazi chake.

“Shemeji, umenipandisha cheo,” alisema, akiinama kuingia mlangoni. “Miaka yote nawapelekea maji Moyoni naishia jikoni. Leo naingia kwa mlango wa mbele.”

“Pandu,” alisema Siwatu, “walioitwa Maini hawajarudi.”

“Dada, ungekuwa wao wewe ungerudi? Kule kuna sahani. Mtu akishiba husahau njia.” Kisha akamgeukia Ngwali, akamtikisa bega. “Mbona umenuna, mpima? Au unaogopa nitakula sehemu yako?”

“Nenda salama,” alisema Ngwali.

“Salama ndiyo nini? Sema nenda ukashibe!” Akacheka, akatoka, na kichwa chake kikaonekana juu ya vichwa vya wote mpaka kwenye kona. Ngwali aliegemea ukuta. Siku hiyo ngoma ya Jumba ilipiga kwa nguvu mpya, nzito, mpaka maji ya mtungini yakachora duara. Baada ya hapo hakuna aliyechota maji mjini, na hakuna aliyemwona Pandu.

Siwatu alikuwa na desturi ya kumpelekea mumewe uji bwawani saa nne. Siku zile uji ulikuwa maji yenye kumbukumbu ya unga, lakini aliupeleka kwenye kibuyu kilekile. Baragumu ya nne ilikuwa haijalia. Ngwali alikuwa amempasua kambare mapema, peke yake, kama mtu anayefungua barua ya mwenziwe, na hakusikia hatua za mkewe mpaka kivuli kilipolala ubaoni.

Wapo wanaosoma nyota na wapo wanaosoma viganja. Siwatu alipasua samaki miaka arobaini kwa ajili ya vinywa vya mji mzima. Alitazama mara moja tu.

“Utumbo uko wapi?”

Ngwali alisogeza kisu kando.

“Nakuuliza wewe mzee. Mkia huu hapa, nyama yake bado inashikika. Utumbo ndio umekwisha, tena umekwisha zamani. Yule wa siku ile, wa Pandu, alikuwa hivihivi?”

“Siwatu...”

“Alikuwa hivihivi?”

“Alikuwa hivi.”

Siwatu aliweka kibuyu chini polepole sana, akijua kwamba akikiacha kitavunjika na akivunja kimoja atavunja vyote.

“Ilikuwa zamu yetu sisi.”

“Ilikuwa zamu yako wewe. Ningefanyaje? Ningeinua kinywa changu nikutaje?”

“Ukamtaja mdogo wangu.”

“Nilitaja mkia. Nilidhani ni mrefu.”

“Mkia!” alisema Siwatu. “Nimemlea kwa mgongo huu. Nimemtafunia viazi kabla hajaota meno. Wewe unamwita mkia.” Machozi yalimtoka, lakini yalikuwa machache, mwili wake ulikuwa unayabana. Kisha akajifuta kwa upindo wa kanga, akatazama samaki tena, na alipofungua mdomo sauti yake ilikuwa ya jikoni, ya mtu anayepanga chakula cha wageni wengi. “Baragumu ikilia utasema kweli.”

“Nikisema kweli watakuita.”

“Waniite. Kuna mtu mwingine aliyebaki Mkiani wa kufa kwa niaba yangu? Taja jina lake nikamshukuru.” Akamwinamia. “Niambie jambo moja, wewe unayeshika ufito. Pale mlangoni, tangu upime, kuna mtu aliyewahi kupungua?”

“Hakuna. Mtu hapungui. Sheria haina hata neno lake.”

“Na mtu asipofika kwenye alama yake?”

“Haijatokea. Kama hakufika, basi si yeye.”

Siwatu aliokota kibuyu. Kwa mara ya kwanza tangu Pandu aondoke, pembe moja ya mdomo wake ilipanda. “Kunywa uji wako,” alisema. “Umepoa.”

Baragumu ikalia. Bwana Kaimu akashuka, ndevu mbele.

“Amekula nini?”

“Utumbo, Bwana. Na aliula kabla ya mkia. Siku ile nilisema uongo.”

Bwana Kaimu alimtazama kama mtu anavyokitazama kiti kilichosema. “Uongo wako ulitupa nguvu,” alisema mwishoni. “Moyo haujali chakula kimekuja kwa foleni ipi. Wapige mbiu Utumboni. Na wewe mwenyewe utashika ufito langoni, usije ukasahau tena.”

Walikuja adhuhuri, wanawake arobaini na mmoja, kila mmoja na jiwe lake la kusagia kichwani, kitendea kazi chake. Walitembea pole kuliko kawaida, kwa hatua fupi, kanga zimefungwa chini. Bwana Kaimu alikaa roshani. Askari wa lango, mtu wa shibiri nane kamili, alisimama na mkuki. Ngwali alisimama kwenye mwimo, ufito mkononi.

“Nani?” aliuliza askari.

“Siwatu binti Kheri, wa Utumboni,” alisema Siwatu. Akatua jiwe, akaegemea mwimo.

Alama yake ilikuwa pale, shibiri saba, imechimbwa na mkono wa Ngwali mwaka kwa mwaka mpaka kidole kilizama. Alipoinama kushika shina la ufito, Ngwali aliona upindo wa kanga umelala vumbini. Alikuwa akiujua upindo ule. Miaka yote ulikoma kwenye kifundo cha mguu. Akatazama goti lilipo chini ya nguo, akaona kitambaa kimesogea mbele kidogo, kidogo tu. Akafahamu. Na kwa kuwa alikuwa ameamrishwa kusema kweli, aliisema kwa sauti kubwa.

“Shibiri saba kasoro vidole vitatu!”

Ngoma ilipiga pigo moja, ikasahau la pili.

“Pima tena,” alisema Bwana Kaimu.

“Kasoro vidole vitatu, Bwana.”

“Siwatu ni shibiri saba,” alisema askari, akionyesha alama. “Huyu siye.”

“Basi mimi ni nani, baba?” aliuliza Siwatu kwa upole.

“Mama, mimi nalinda lango. Sikuajiriwa kujua watu.”

Siwatu alinyanyua uso kuelekea roshani. “Bwana Kaimu, hapo chagua wewe. Ama nimepungua, ama si mimi.”

Bwana Kaimu alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua. Kama mwanamke huyu amepungua, basi mtu hupungua. Kama mtu hupungua, basi njaa ipo, na ilikuwepo kila Siku ya Kusimama, na kila alama kwenye ule mti ni uongo uliochongwa ndani ya uongo. Mdomo wake ulifunguka na kufungika, na mle bwawani, midomo thelathini na sita ilikuwa inafanya vivyo hivyo.

“Mgeni,” alisema. “Mtoeni.”

Akaja wa pili: shibiri sita na nusu, kasoro vidole vitatu. Wa tatu, kasoro vidole vitatu. Wa kumi, wa ishirini, wote kasoro vidole vitatu, kana kwamba walifundwa na kungwi mmoja. “Mgeni! Mgeni!” alisema askari hadi sauti ikakauka. Wageni wakajitwika mawe yao, wakaelekea lango la mji, hatua fupi fupi. Siwatu alipompita mumewe alisema bila kugeuza shingo:

“Na wewe una magoti. Usisahau.”

Akawa wa mwisho kutoka. Lango likafungwa kwa komeo, na Mpima akabaki upande wa ndani.

Mvua ilikuja siku hiyohiyo, au mwaka uliofuata. Nani angejua, alama zilikuwa ndani ya alama. Ilikuja kubwa. Mtama ukaota hata juu ya mapaa, ukakomaa, ukavunwa na waliobaki, na magunia yakajaa Jumba mpaka kwenye ngazi. Wenye maghala hawakuwepo. Wachukuzi hawakuwepo. Na hapakuwa na mtu mmoja aliyejua mtama unageukaje kuwa chakula, wala jiwe moja la kuusagia.

“Walishe kambare kwanza,” alisema Bwana Kaimu. “Tuone.”

Alikuwa amebaki kambare mmoja, kichwa tu na mkia unaopepea. Ngwali alimtupia tonge la mtama. Samaki alikuja, akafungua mdomo, akalipokea tonge. Akakaa nalo. Kisha akalitema. Akalifuata tena chini, akalibugia, akalitema. Mdomo ulitaka, moyo ulipiga, na katikati hapakuwa na njia. Alifanya hivyo mpaka tonge likayeyuka majini, naye akageuka ubavu, akaelea katikati ya shibe.

Bwana Kaimu aliutazama mtama mbichi kwenye sahani yake ya shaba. Akatafuna. Akameza. Baada ya muda akazitapika punje zilezile, nzima, safi, unaweza kuzipanda. Akabugia tena. Alifanya hivyo siku nyingi, na kila siku kichwa chake kilizidi kuwa kikubwa juu ya kola.

Ngwali alipotumwa kuuliza kwa nini ngoma inaruka mapigo, aliingia chumba ambacho hakuwahi kuingia. Nyuma ya ngoma hapakuwa na mpigaji. Ilikuwa imewambwa ngozi mpya. Ilijipiga, ikapumzika, ikajipiga. Ukutani, umepangwa pamoja na vitu vingine vingi vya kazi, uliegemezwa mti wa mzegazega, mlaini pale katikati ulipozoea bega. Aliugusa. Akatoka kinyumenyume.

“Mpima,” aliita Bwana Kaimu kutoka kitini, sauti yake nyembamba kama utumbo ule. “Nipime.”

Walimwegemeza kwenye mwimo, maana hakuweza kusimama. Ngwali alipitisha ufito utosini.

“Nimepungua?”

“Hujapungua hata kidole, Bwana.”

“Kata alama,” alinong’ona, na zile ndevu mbili zikacheza kwa furaha. “Na sasa? Baada ya hapa kinaliwa nini?”

“Baada ya hapa, Bwana, hakiliwi kitu. Moyo hupiga tu mpaka uchoke.”

Akamwacha pale mlangoni, mrefu kama sheria, akaenda kwenye lango la mji. Askari wa pale alimnyooshea ufito wake wa lango kwa mazoea. Ngwali alikunja magoti ndani ya kanzu.

“Kasoro vidole vitatu,” alisema askari, akapiga mwayo mkavu. “Mgeni. Pita.”

Alifuata harufu. Ilikuwa harufu ya unga unaopikwa, na nyuma yake ngoma ilikuwa ingali inapiga, ndu, kimya kirefu, ndu, na alivyozidi kuiacha mbali ndivyo ilivyozidi kusikika karibu, hata akaweka mkono kifuani kuhakikisha. Waliwakuta (yeye na ile ngoma yake) wanawake wale chini ya mwamba, mawe yanasaga, watoto waliozaliwa njiani wanalia kwa afya. Walikuwa wamenyooka wote. Siwatu alisimama, shibiri saba kamili, akampa kibuyu.

“Kunywa,” alisema. “Kisha unyooke. Hapa hakuna anayepima.”

Alikunywa. Uji ulikuwa mzito. Akajaribu kunyooka, na magoti yakakataa. Akajaribu akiwa ameshika mwamba. Wakambonyeza, wakamkanda kwa maji ya moto na majani, wakamvuta huyu kichwa huyu miguu. Ngwali alibaki vilevile, amekunjika kidogo, kama mtu aliyekuwa karibu kukaa akakumbuka jambo.

Siwatu alimtazama muda mrefu. Hakumwuliza. Watoto ndio waliouliza, walipokua: babu, mbona husimami ukanyooka? Naye, mtu wa soga, ambaye angeweza kuwapa kambare mwenye kanzu na hadithi nyingine mia, aliwajibu kwa maneno machache kuliko yote aliyowahi kusema.

“Vidole vitatu si vyangu,” alisema. “Ni vya Pandu.”